Mtande si 1, mshindio si 0

Penye mafunzo ya kuunganisha ufumaji na uandishi wa programu, unaweza kuisikia sentensi hii: "Mtande ni 1, mshindio ni 0." Inapendeza masikioni, lakini inapotosha.

Mtande ni nyuzi zinazokazwa kwanza kwenye kitanda cha mfumi, yaani fremu anayofumia. Mshindio ni uzi unaopita kati yake kwa kukingama, kwenda na kurudi. Maana ni hiyo tu.

Utamu uko kwenye neno lenyewe. Mtande umetoka katika kutanda, mzizi uliozaa kitanda na hata mtandao. Kinachotandwa hutangulia, na ndiyo sababu kufuma si kusuka, ingawa siku hizi tunasikia mpaka kikoi "kimesukwa". Ukili, ule utepe unaoshonwa kuwa mkeka, ndio unaosukwa: kindu zote, yaani vipande vya majani yake, huenda mshazari, hakuna iliyokazwa kuzisubiri nyingine. Kwenye kufuma, nyuzi za mtande zimetulia mahali pake, kwa hiyo unaweza kuinua zile unazozitaka kwa mkupuo mmoja. Joseph Marie Jacquard wa Lyon, Ufaransa, aliitegemea hali hiyo katika mtambo wake wa kufumia wa 1804: kila mpito wa mshindio una kadi yake yenye matundu, penye tundu kulabu hupanda na uzi wake wa mtande, pasipo tundu uzi hubaki chini. Mkeka ungemshinda.

Sasa litazame tundu hilo. Haliulizi uzi ni wa aina gani. Nyuzi zote linazoziamuru ni za mtande. Linasema juu au chini. Biti, yaani ile 1 au 0, iko kwenye makutano ya mtande na mshindio.

Chukua kitambaa cha mistari ya mshazari, nyuzi nne nne, 1 ikiwa tundu na 0 pasipo tundu: 1100, 0110, 0011, 1001, kisha unaanza upya. Kila safu imesogea hatua moja, na mshazari unajitokeza wenyewe. Ukisahau kusogeza ukaandika 1100 mara mbili, mshindio utarudi kwenye uwazi uleule ulioupitia. Pembeni hakuna uzi wa kuuzuia, utavutika wote utoke. Na sifuri zikifuatana nyingi katika safu moja, mshindio utaelea juu ya nyuzi zote hizo, unase kwenye kucha na vifungo.

Kosa lina chanzo chake, tuseme kweli. Ukitazama uso wa kitambaa, penye 1 unaona mtande na penye 0 unaona mshindio. Lakini kigeuze: palipokuwa 1 pamekuwa 0, na hakuna uzi hata mmoja uliobadilika jina.

Kwa hiyo sentensi ile haihitaji kufutwa, inahitaji kumaliziwa tu: 1 ni mtande ukiwa juu, 0 ni mtande uleule ukiwa chini.