Ukuta umekwenda, handaki lipo

Wenye majengo wa katikati ya London wakisikia sisi wanaakiolojia tunakuja kupekua chini ya sakafu zao, huogopa ukuta wa mji. Tukiuona, ujenzi si utasimama? Mimi ninayechimba hilo halinishughulishi sana. Ninachokitafuta ni handaki, mtaro wa ulinzi uliochimbwa nje ya ukuta.

Ukuta wenyewe ni wa Warumi, waliujenga kati ya mwaka 190 na 225 hivi, kwa mawe magumu ya chokaa yaliyoletwa kwa majahazi kutoka Kent. Watu wa zama za kati hawakuanza upya. Waliurithi, wakaupandisha, wakaongeza minara, na mwaka 1477 wakautia kilemba cha matofali. Kipande chake kipo hadi leo kwenye bustani ya St Alphage. Handaki la nje ndilo walilolichimba upya, likawa pana, kuanzia 1211 hadi 1213, enzi za Mfalme John. John Stow, mwanahistoria wa London, mwaka 1598 aliandika kuwa upana wake ulikuwa futi 200. Mzee alitia chumvi.

Sasa fikiria besimenti, yaani ghala la chini ya jengo. Ukichimba ghala la mita tatu, unaondoa karibu kila kilichosimama juu ya ardhi ya kale: ukuta, nyumba, barabara. Lakini handaki lilikwenda chini. Besimenti imekata mdomo wake tu, tumbo limebaki na vyote lilivyomeza.

Na lilimeza mengi. Ulinzi ulipopungua umuhimu, wakazi walilifanya jalala: viatu vya ngozi, vigae vya vyungu, mifupa ya mbwa, mbegu. Tope lililolowa halipitishi hewa, kwa hiyo ngozi na mbao haziozi. Ukuta unakwambia mji uliogopa. Jalala linakwambia uliacha kuogopa lini, na siku hizo walikula nini.

Shimo la majaribio, tunalolichimba kujua kilichopo chini, halina fahari. Tunakata zege, tunachimba eneo la mita mbili kwa mbili, mbali na misingi kadiri mhandisi atakavyoridhia. Kuta za shimo huzuiwa kwa mbao na vyuma, maana udongo wa kujazia haushikani. Dari iko chini, taa zinaunguza, pampu inanguruma, na kila ndoo ya udongo hupandishwa ngazi kwa mkono. Waliozoea magofu ya Gede, pwani ya Kenya, ambako unaufuata ukuta wa mji juani huku kima wakikutazama, hawaamini kwamba nayo ni akiolojia.

Bingwa wa kazi hii alikuwa W. F. Grimes. Baada ya mabomu ya Vita ya Pili maghala ya chini ya majengo yalibaki wazi, naye akachimba mitaro kwenye sakafu zake. Pale Noble Street alikuta kuta mbili zimebanana: ule wa ndani ulikuwa nyongeza tu, wa nje ulikuwa wa ngome ya kijeshi iliyoutangulia ukuta wa mji. Hakuna aliyejua kuwa London ilikuwa na ngome hiyo.

Leo, kwa sera iliyoanza Uingereza mwaka 1990, gharama hubebwa na anayetaka kujenga. Shimo moja likionyesha handaki linaanzia wapi na lina kina gani, mhandisi husogeza nguzo zake kabla michoro haijapitishwa. Tope linabaki lilipo, limelowa.