Lenzi ya zumu: maana ya namba zilizoandikwa kwenye pete

Swali ambalo wauzaji wa kamera katikati ya Nairobi huulizwa kila kukicha ni "hii inavuta mara ngapi?" Jibu huja haraka, mara tatu, mara kumi na moja, na mnunuzi huondoka akiamini kwamba ile ya mara kumi na moja ndiyo inayofika mbali. Sivyo. Hiyo "mara" ni hesabu ya kugawanya tu, namba kubwa ya lenzi kwa namba yake ndogo. Lenzi ya 18-200mm inatoa 11. Lenzi ya 200-600mm, kama ile Sony waliyoitoa 2019, inatoa 3. Ila hiyo ya mara tatu inaanzia pale ambapo ya mara kumi na moja imegota. Ukienda Nairobi National Park kumtafuta simba aliyejilaza mbali na barabara, utajua upesi ipi ni ipi.

Zumu ni lenzi ambayo urefu wake wa fokasi unabadilika unapozungusha pete. Urefu huo hupimwa kwa milimita, na usiuchanganye na urefu wa lenzi yenyewe ukiipima kwa rula. Ndio unaoamua utachukua eneo pana au jembamba kiasi gani la kilicho mbele yako. Kwenye kamera yenye kihisi (kile kipande cha ndani kinachopokea picha) cha milimita 36 kwa 24, ukiweka 24mm unapata pembe ya digrii 84 kutoka kona hadi kona. Ukiweka 70mm ni digrii 34, 200mm ni 12, na 600mm ni kama 4 tu. Lenzi isiyovuta, tuseme ya 50mm, ina pembe moja, na kazi iliyobaki inafanywa na miguu yako. Wapiga picha waliishi hivyo miaka mingi: zumu ya kwanza kutengenezewa kamera za picha za filamu ya 35mm, Voigtländer Zoomar ya 36-82mm, ilitoka 1959.

Milimita hazina uzito sawa. Kutoka 24 hadi 28 ni milimita 4. Kutoka 500 hadi 600 ni milimita 100. Kwa jicho, mabadiliko hayo mawili yanakaribiana sana, kwa sababu kinachohesabika ni uwiano wa namba, si tofauti yake. Chukua sebule ya nyumba ya kupanga kule Umoja. Familia imejipanga ukutani kwa picha ya pamoja, nawe umerudi nyuma mpaka mgongo umegusa kabati la vyombo, mita 3 kutoka kwao. Kwa 24mm unapata upana wa mita 4.5. Kwa 28mm unapata mita 3.9 hivi. Hizo sentimita 60 na ushei ni shangazi mmoja aliyebaki nje ya picha, na atakuuliza.

Ndiyo maana nikilinganisha 24-105mm f/4 na 28-75mm f/2.8 (hizo f tutazifikia hivi punde), mfano ile ya Tamron ya 2018 ya kamera za Sony, siangalii kwanza upande mrefu. Ukipungukiwa upande mrefu unasogea hatua mbili mbele, au unakata picha baadaye kwenye kompyuta. Ukipungukiwa upande mpana, na ukuta uko nyuma yako, umekwama.

Namba ya pili kwenye pete ndiyo inayokula pesa. Imeandikwa 1:3.5-5.6, au 1:4, au 1:2.8, ndizo zile f/3.5-5.6, f/4 na f/2.8, na wengi huipita kana kwamba ni alama ya kiwandani. Inakwambia tundu la kupitisha mwanga linaweza kufunguka kiasi gani. Gawanya urefu wa fokasi kwa namba hiyo, utapata upana wa tundu. Kwa 70-200mm f/2.8 ni 200 kwa 2.8, sawa na milimita 71. Kioo cha mbele lazima kiuzidi upana huo, kwa hiyo lenzi nyingi za aina hiyo huvaa filta ya milimita 77, na uzito wake huanzia kilo moja hadi kilo moja na nusu. Sasa chukua ile 18-55mm inayouzwa pamoja na kamera: 55 kwa 5.6 haifiki hata sentimita moja. Hapo tayari umeshajua kwa nini moja inatoshea mfukoni na nyingine inahitaji begi lake.

Ukiona namba mbili, 3.5-5.6, ujue tundu linabana kadiri unavyovuta. Unaanza na 3.5 upande mpana na kuishia 5.6 upande mrefu, na halingoji ufike mwisho, linabana njiani. Namba ikiwa moja, haibadiliki popote. Anayerekodi video ya harusi huku akivuta kwa lenzi ya namba mbili, kamera ikiwa kwenye mpangilio wa mkono na tundu likiwa wazi kabisa, ataona picha ikiingia giza mbele ya macho yake.

Ingia kanisani jioni. Taa ni za manjano, padri amekataza flashi, bibi harusi anatembea kuelekea madhabahuni. Ukiwa na f/2.8, tuseme unapiga kwa shata (muda wa kupokea mwanga) ya 1/200 ya sekunde na ISO (wepesi wa kihisi kwa mwanga) 3200, picha inatoka. Mwenzako mwenye lenzi inayoishia f/5.6 amepoteza hatua mbili za mwanga, maana yake anapata robo ya mwanga unaopata wewe. Ana njia mbili: apandishe ISO hadi 12800 na avumilie chengachenga, au ashushe shata hadi 1/50 na bibi harusi awe ukungu mweupe. Kizuia mtikisiko, kile Canon wanakiita IS, Nikon VR, Sony OSS na Tamron VC, hakitamwokoa hapo. Kinautuliza mkono wake, hakimtulizi bibi harusi.

Hata hivyo, naona wapiga picha wengi wa hapa hukimbilia 70-200mm f/2.8 kwa sababu inapendeza shingoni, ilhali kazi zao nyingi ni za mchana, nje, kwenye mahema. Raga ya saa tisa alasiri pale uwanja wa RFUEA, Barabara ya Ngong, inapigwa vizuri kwa f/4, na mabega yatakushukuru mechi ikiisha. F/2.8 inunuliwe na anayeishi ndani ya makanisa na kumbi, au anayetaka mandhari ya nyuma ififie kabisa na yuko tayari kulipia.

Kisha kuna kihisi cha kamera, ambacho wauzaji hawakitaji. Kamera nyingi za bei ya wastani zina kihisi kidogo kiitwacho APS-C. Kinafanya kazi ya mkasi: lenzi imeleta picha ile ile, kihisi kimekata kingo zake. Ili ulinganishe na kihisi kikubwa, kile cha milimita 36 kwa 24, zidisha milimita kwa 1.5 ukiwa na Nikon, Sony au Fujifilm, na kwa 1.6 ukiwa na Canon. 18-55mm kwenye Canon ndogo inaona kama 29-88mm. Mtu akishauriwa anunue 24-70mm kwa sababu "ndiyo wataalamu wanatumia", kisha akaifunga kwenye Sony au Nikon ya APS-C, anaanzia upana wa 36mm, na ile sebule ya Umoja imemshinda kabisa. Mbadala wake wa kweli unaanzia 16, 17 au 18: Sigma wana 18-50mm f/2.8 ya 2021 ambayo ni ndogo ajabu kwa uwezo wake. Upande wa wanyama mkasi huo unasaidia, kwa kuwa 400mm inaona kama 600mm, na hujaongeza hata shilingi.

Turudi kwenye hifadhi, maana huko ndiko watu huielewa zumu vibaya zaidi. Nairobi National Park, iliyofunguliwa 1946, ina kilomita za mraba 117 na lango lake kuu liko kilomita 7 hivi kutoka katikati ya jiji. Kila mtu anataka ile picha ya twiga na magorofa nyuma yake. Anamkuta twiga karibu na gari, anapiga, halafu anashangaa magorofa yamekuwa vijiti kwenye upeo wa macho. Shida hapo ni umbali. Twiga wa mita 5 aliye mita 30 kutoka kwako, ukimpiga kwa 70mm, anachukua karibu nusu ya kimo cha picha iliyolala. Rudi nyuma hadi mita 150 kisha uvute hadi 350mm. Twiga ni yule yule kwa ukubwa, kwa sababu umbali na urefu wa fokasi vyote umevizidisha kwa tano. Lakini magorofa yako kilomita kadhaa mbele. Mita 120 ulizorudi si kitu kwao, na lenzi imeyakuza mara tano. Hapo ndipo Upper Hill inasimama nyuma ya shingo ya twiga.

Wengi husema lenzi ndefu "inabana umbali". Jaribu kubaki pale pale mita 30 na uvute hadi 350mm: utapata kichwa cha twiga na kipande cha anga, na uwiano wa vitu hautakuwa umebadilika hata kidogo. Kuvuta bila kuhama ni sawa na kukata picha. Ukihama ndipo picha inabadilika, na zumu inakusaidia kumrudishia twiga ukubwa wake baada ya kuhama. Humo ndani huwezi kushuka garini isipokuwa sehemu zilizotengwa, na gari haliruhusiwi kuacha barabara, kwa hiyo umbali wako mara nyingi umepangwa na barabara. Lenzi isiyovuta ingekuadhibu. Na saa sita jua likishapanda, hewa ya moto juu ya nyasi hutetema, wala hakuna lenzi ya bei yoyote inayotoa picha kali kupitia hewa hiyo. Nenda alfajiri, na uzime injini.

Vumbi nalo lina mambo yake. Zumu nyingi hurefuka unapovuta, na kila zikitoka na kurudi huvuta hewa pamoja na kilichomo hewani. Nyingine, kama hiyo Sony ya 200-600mm na Nikon Z 180-600mm ya 2023, huvuta kwa ndani na mwili haubadiliki. Ubaya wake ni kwamba zinabaki ndefu hata zikiwa begini. Kwa anayeshinda kwenye barabara za murram, au anayefuata Safari Rally kule Naivasha, ningevumilia begi kubwa.

Na ile 18-200mm tuliyoanza nayo? Ina mwenyewe: msafiri asiyetaka kufungua kamera katikati ya vumbi. Lakini ili vioo vile vile vihudumie pembe pana na ndefu hivyo, mtengenezaji hulazimika kukubali mistari inayopinda, kona hafifu na tundu linaloishia 5.6 au 6.3. Ningechukua mbili za kiasi, moja ya sebuleni na moja ya uwanjani, hata zikiwa za mtumba.

Mtumba una mitego yake. Lenzi za Canon EF, mfumo wa 1987, zinaingia kwenye kamera mpya za RF kwa adapta, ila RF haiingii kwenye kamera ya EF. Nikon wana mtego uliofichika zaidi: kamera kama D3500 na D5600 hazina mota ya fokasi (ya kuifanya picha iwe kali yenyewe) ndani ya mwili, kwa hiyo 80-200mm f/2.8 ya zamani yenye herufi D itafunga vizuri, itapiga picha, lakini fokasi utaizungusha kwa mkono. Tafuta iliyoandikwa AF-S.

Ukiwa kaunta, washa tochi ya simu na uimulike lenzi kutoka nyuma huku ukitazama kwa mbele. Chembe mbili tatu za vumbi hazina neno. Nyuzi nyembamba zilizotawanyika kama mizizi ni kuvu, na lenzi zilizokaa sana kwenye unyevu wa pwani huwa nazo mara kwa mara. Elekeza lenzi chini uone kama inateleza yenyewe na kurefuka. Kisha omba kuifunga kwenye kamera, toka hadi mlangoni, na upige ukuta wa matofali ulioko ng'ambo ya barabara, ukisimama sawa nao, tundu likiwa wazi kabisa, mara moja upande mpana na mara moja upande mrefu. Kuza picha utazame kona zote nne. Upande mmoja ukiwa mkali na mwingine una ukungu, kioo kimoja ndani kimehama mahali pake, mara nyingi kwa kuanguka. Irudishe kaunta, hata muuzaji akishusha bei tena.