Renda ikigoma, uliza kwanza imegomea wapi

Saa nane usiku, Kirumba, Mwanza, feni ya kompyuta inavuma kama injini ya mtumbwi na mimi nimekaa nahesabu asilimia za renda ya video ya harusi, yaani kompyuta kukusanya klipu, picha na muziki kuwa faili moja la video. Thelathini na tano. Thelathini na sita. Thelathini na saba. Halafu kile kisanduku katikati ya kioo: kumbukumbu haitoshi, kazi imesitishwa. Mama wa bibi harusi alikuwa apande meli ya Nansio siku inayofuata, na jioni alikuwa ameniambia kwa upole ule unaoumiza kuliko ukali, "Mwanangu, nisirudi Ukerewe mikono mitupu."

Kilichonikera ni kwamba mchana wa siku hiyohiyo nilikuwa nimetoka kununua RAM, ile kumbukumbu ambayo kompyuta hufanyia kazi. Mashine yangu ilikuwa na GB 8, na kila niliyemuuliza alijibu kabla sijamaliza swali: ongeza RAM, kaka. Nikaongeza, ikawa GB 16. Ikagoma palepale. Siyo 36, siyo 38.

Nilitukana kidogo, nikachemsha chai, na ndipo nilipoitazama ile 37 kwa macho mengine. Kumbukumbu ikiwa ndogo kwa kazi nzima, kuigeuza kutoka 8 kuwa 16 kulipaswa kuisogeza renda mbele hata kidogo. Haikusogea hata hatua moja. Maana yake kuna kitu kimekaa mahali hapo, na ni kikubwa kiasi kwamba GB 8 za nyongeza kimezimeza bila kushiba.

Tangu usiku ule, mtu akiniletea mashine inayogoma kurenda, sianzi na kuuliza ina RAM ngapi. Namuuliza imegomea wapi, na ikigoma tena, inagomea palepale? Wengi hawajui, kwa sababu wakiona kile kisanduku wanakifunga kwa hasira na kuanza upya. Usikifunge. Andika muda uliofikiwa, renda tena, andika tena. Mara tatu. Karatasi na kalamu ni bei rahisi kuliko RAM.

Ikigoma dakika ileile kila mara, shida iko kwenye mradi wako. Ikigoma leo dakika ya 10, kesho ya 41, keshokutwa ikamaliza vizuri, shida iko kwenye mashine. Kuna vighairi, nitavifikia.

Nirudi kwenye harusi. Video ilikuwa ya dakika 90, na asilimia 37 ya 90 ni dakika ya 33 na sekunde 18. Nikapeleka kishale hapo. Ilikuwa sehemu ya picha za mnato, zile tunazopanga na muziki laini chini yake, na katikati yao kulikuwa na picha moja ndefu ya mandhari aliyoileta rafiki wa bwana harusi: ziwa lote, mawe, mji nyuma, imeunganishwa kutokana na picha kadhaa za droni. Kwenye folda faili lilisoma MB 19. Nani angelishuku faili la MB 19 wakati klipu zenyewe za kamera zina GB nne nne?

Lakini ukubwa wa faili si ukubwa wa picha. Nenda mwaloni Kirumba uangalie dagaa. Wakiwa kwenye gunia, mtu mmoja anawabeba begani. Waanike juani sasa, uone wanavyochukua eneo. Picha ya JPEG ni gunia. Programu haiwezi kuikata, kuikuza wala kuipaka rangi ikiwa ndani ya gunia, lazima iimwage na kuitandaza pikseli (nukta ya rangi) moja moja, na uwanja wa kuanikia ndiyo RAM.

Hesabu yake ni nyepesi. Kila pikseli huhitaji baiti 4: nyekundu, kijani, bluu, na moja ya uwazi. Fremu moja, yaani picha moja kati ya zile zinazounda video, ya HD kamili ni 1920 kwa 1080, yaani pikseli 2,073,600, kwa hiyo kama MB 8. Fremu 25 kwa sekunde zinafika MB 207, na hapo hatujagusa efekti. Ile picha ya ziwa ilikuwa 16,000 kwa 4,000: pikseli milioni 64, MB 256 ikitandazwa. Na mimi, kwa kupenda rangi nzuri, nilikuwa nimewasha hali ya biti 32, ambayo kila pikseli hula baiti 16 badala ya 4. Picha moja, GB 1.

Halafu efekti. Ukiweka ukungu, programu inahitaji picha ya kabla na picha ya baada, zote mbili zikiwa zimetandazwa. Ukiweka kivuli, nakala nyingine. Ukiweka mpito wa kuyeyusha kwenda picha inayofuata, hiyo nayo itandazwe kabla ya kwanza kuondoka. Na programu za kisasa hazichakati fremu moja moja kwa foleni, zinachukua kadhaa kwa mpigo ili kila kiini cha prosesa kipate kazi. Ukijumlisha hivyo vyote utaona kwa nini GB 16 zilionekana kama kikombe cha kahawa.

Tiba ilichukua dakika mbili. Nikaifungua ile picha kwenye programu ya picha, nikaipunguza upana hadi pikseli 3840, nikaihifadhi kwa jina jingine, nikaibadilisha kwenye mradi. Video ni ya upana wa 1920 tu. Hata ningesogea ndani mara mbili, 3840 inatosha bila picha kuvunjika. Renda ikapita 37 bila hata kupunguza mwendo.

Siku hizi nafanya hivyo kwa picha zote kabla hazijaingia kwenye mradi, hasa hizi za wapiga picha wa harusi. Kamera ya megapikseli 24 inatoa 6000 kwa 4000, MB 96 kila moja ikitandazwa. Ukiipunguza hadi 3840 kwa 2560 inabaki MB 39. Mia mbili kama hizo kwenye mradi mmoja, utauona utofauti hata wakati wa kuhariri, kabla ya kufika kwenye renda.

Ukitafuta mahali na programu yako haionyeshi muda, gawa nusu kwa nusu. Renda nusu ya kwanza peke yake. Ikipita, mchawi yuko nusu ya pili, igawe tena. Kwa video ya dakika 90, ukigawa mara tano umebakiwa na kipande kisichofika dakika tatu, na ndani ya dakika tatu mchawi hana pa kujificha. Mara nyingi ni picha kubwa, klipu iliyoharibika, au efekti ya kuondoa chengachenga, ile inayotazama fremu kadhaa nyuma na mbele kwa wakati mmoja. Hiyo efekti mimi naiweka tu kwenye vipande vya usiku vinavyoihitaji kweli. Kuna vijana wanaitupa juu ya harusi nzima, pamoja na picha za saa sita mchana ufukweni, kisha wanailaumu mashine.

Sasa vile vighairi. Kuna kugoma palepale ambako hakuhusiani na picha yoyote. Kijana mmoja wa Buzuruga alikuwa akirenda moja kwa moja kwenye flashi ili amkabidhi mteja, na kila video ndefu iligoma karibu na dakika ya 36, hata akibadilisha mradi. Flashi nyingi, hasa ndogo, huja na mpangilio wa FAT32, ambao hauruhusu faili moja kufikia GB 4. Kwa kiwango chake cha megabiti 16 kwa sekunde, GB 4 hujaa katika dakika kama 36. Hapakuwa na ugonjwa wa kumbukumbu pale, ingawa maneno ya programu yalimpeleka huko. Akaifomati flashi kuwa exFAT, mpangilio usio na kikomo hicho, baada ya kuhamisha vitu vyake, na shida ikaisha.

Na huyohuyo, wiki chache baadaye, alirudi na jipya. Ana GB 16, Task Manager, kile kidirisha cha Windows cha kutazamia matumizi ya mashine, inaonyesha kama GB 6 ziko wazi, na bado anaambiwa kumbukumbu imeisha. Nilimwambia atazame namba mbili zilizo chini ya neno Committed. Ya kushoto ni kumbukumbu ambayo programu zote zimeahidiwa, ya kulia ni kikomo cha ahadi hizo. Yake ilisoma 15.7 kwa 15.9. Windows hutunza faili kwenye diski, pagefile.sys, liwe akiba RAM ikielemewa, na kikomo cha ahadi ni RAM ukijumlisha na faili hilo. Yeye alikuwa amelizima, alimsikia mtu mtandaoni akisema linapunguza kasi. Programu ikiomba nafasi kubwa kwa mkupuo, Windows hukataa kwa sababu ahadi zimejaa, hata kama uwanja wenyewe bado uko wazi. Tukalirudisha libaki chini ya usimamizi wa Windows. Lakini diski C ilikuwa na GB 3 tu, na faili lile haliwezi kukua pasipo na pa kukulia, kwa hiyo tulianza kwa kuhamisha sinema zake. Zilikuwa nyingi.

Kuhusu programu za zamani za biti 32 ambazo bado zinazunguka mjini kwa flashi: kwa kawaida Windows huzipa GB 2 tu za kuchezea, hata ukiweka RAM ya GB 64. Nyingine zimetengenezwa ziweze kufika 4, zaidi ya hapo hapana. Achana nazo.

Tuje kwenye mashine zinazogoma ovyo, leo hapa kesho pale. Hapa ndipo RAM yenyewe inashukiwa, siyo uchache wake bali uzima wake. Kitu cha kwanza ninachofanya ni cha kishamba lakini kimeniokolea watu pesa: nazima mashine, nachomoa waya wa umeme, nagusa chuma cha boksi ili umeme tuli uniondoke, nachomoa vipande vya RAM. Ule ukingo wenye meno ya dhahabu nausugua taratibu kwa raba nyeupe ya kufutia penseli, pande zote mbili, kisha napuliza yale mabaki na kuufuta kwa kitambaa kikavu. Hewa ya huku kando ya ziwa ina unyevu, vumbi la barabarani nalo halikosi, na viwili hivyo vikikutana kwenye meno ya RAM vinaacha utando usioonekana hadi uone raba imegeuka nyeusi. Narudisha, nakandamiza hadi vile vishikizo vilie tak, kimoja kimoja.

Ikiendelea, naweka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, nawasha mashine kutoka hapo, naiacha usiku kucha. Umeme ukikatika katikati, anza upya kesho, hakuna njia ya mkato. Asubuhi natazama hesabu ya makosa, na inayokubalika ni sifuri. Kosa moja tu linatosha kukihukumu kipande, kwa sababu renda hupitisha data nyingi mno kwenye kumbukumbu kwa saa kadhaa mfululizo, na kosa hilo moja litaguswa tu. Ukiwa na vipande viwili, pima kimoja kimoja ujue nani mgonjwa.

Hapo nikiri jambo. Kile kipande nilichonunua siku ya harusi, kutoka duka moja mjini ambalo silitaji, kilikuja kuonyesha makosa 212 miezi mitatu baadaye. Kwa hiyo nilikuwa nimenunua tiba ya ugonjwa nisiokuwa nao, na tiba yenyewe ikaja na ugonjwa wake. Tangu hapo RAM iliyotumika siilipii kabla haijalala usiku mmoja kwenye MemTest.

Kama mashine ni ndogo kweli na pesa hakuna, bado unaweza kutoa kazi. Kwenye Premiere, programu ya kuhariri video, ndani ya mipangilio ya Memory, hamisha chaguo la urendaji kutoka Performance kwenda Memory. Itakwenda polepole lakini itafika. Kwenye Vegas, nayo ya kuhariri, punguza idadi ya nyuzi za kurenda (kazi zinazokwenda kwa mpigo) na kumbukumbu iliyotengewa kuonyesha kazi. Funga kivinjari, jamani, tabo thelathini za nini wakati wa kurenda. Na video ya saa tatu usiirende kama kipande kimoja. Mimi naikata vipande vya dakika 20 au 25 kwa mipangilio ileile, kisha naviunganisha kwa programu ya ffmpeg bila kuvibana upya. Kikigoma kipande cha tano, vinne vya mwanzo ninavyo mkononi.

Siku hizi pembeni ya kompyuta nina daftari la shule, la kurasa 48, lenye safu tatu: mradi, imegomea wapi, mara ngapi. La juzi linasoma hivi: mahafali, 52:10, mara tatu. Nikaenda kutazama. Hapakuwa na picha kubwa, hapakuwa na efekti, mkuu wa shule anahutubia tu. Nikakaribia kuilaumu kamera. Kisha nikaiona kwenye kona ya juu kulia nembo ya ukumbi, ndogo kama ukucha wa kidole gumba, imeingizwa ilivyotoka kwa mchoraji: pikseli 12,000 kwa 12,000. MB 576 zimekaa pale kona zinamsikiliza mkuu wa shule.