Kukaanga kwa moto mkali: maana yake kwa mfano wa mayai na tofu

Kukaanga kwa moto mkali huku ukigeuza ni namna ya kupika iliyotoka China, ambapo chakula kilichokatwa vipande vidogo huiva kwa dakika chache ndani ya kikaangio chenye joto kali na mafuta kidogo, na mpishi haachi kukigeuza hadi kiive. Masharti hayo hutegemeana. Moto mkali bila kugeuza huunguza chakula, na kugeuza juu ya moto hafifu huzifanya mboga zitoe maji na kuchemkia ndani yake. Kwa hiyo namna hii haifanani na ile ya kuzamisha sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, katika mafuta mengi, wala na ile ya kuunga mchuzi kwa nyanya na kuuacha utokote.

Jambo la kuelewa kwanza ni maji. Maji yakishachemka hayazidi kupanda joto hata ukiongeza makala (makaa), na hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ambapo Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Rangi ya kahawia na ile harufu inayomfanya jirani aulize kunapikwa nini huanza kutokea pale joto la nje ya kipande linapokaribia nyuzi 140. Maadamu kipande kimelowa, hakiwezi kufika huko, kwa sababu moto wote hutumika kukausha maji hayo kwanza. Hii ndiyo sababu mboga zilizooshwa zinapaswa kukung'utwa vizuri, kikaangio hakipaswi kujazwa kupita kiasi, na chumvi hutiwa mwishoni, kwani chumvi huvuta maji kutoka kwenye mboga.

Sasa tofu. Ni maziwa ya soya yaliyogandishwa na kukamuliwa. Soya hulowekwa usiku kucha, husagwa na maji, huchujwa kwa kitambaa, kisha maziwa yake huchemshwa na kugandishwa kwa maji ya limau, siki au aina fulani za chumvi za kalsiamu au magnesiamu. Mabonge yanayojitenga hukandamizwa ndani ya kitambaa hadi yashikamane. Anayeitengeneza nyumbani asiharakishe kuchemsha. Soya mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kusaga protini, na vitu hivyo huharibiwa na joto likikaa muda wa kutosha. Kwa kuwa maji yetu huchemka kwenye joto la chini kidogo, ni vyema maziwa yaendelee kutokota dakika kadhaa zaidi ya zile zinazotajwa katika maelekezo ya watu wa sehemu za chini.

Wengi wetu tunaijua soya kupitia uji wa masoso, yaani mahindi, soya na mtama, unaopewa watoto. Ninasikitika sana ninaposikia tofu ikihesabiwa kuwa chakula cha mgonjwa au cha aliyekosa pesa ya nyama. Katika mkoa ambao bwaki, ule ugonjwa wa mtoto anayevimba kwa utapiamlo mkali, una jina lake la kienyeji kwa sababu umetuzoea mno, chakula chenye protini kinachotokana na mmea unaokubali udongo wetu kinastahili heshima mezani. Gramu 100 za tofu ngumu huwa na gramu 12 hadi 17 za protini, na yai moja huwa na 6 hivi. Vikiunganishwa, kila kimoja hujaza pengo la mwenzake: tofu haina kolesteroli wala vitamini B12, na yai lina vyote viwili. Aliyeambiwa na daktari apunguze mayai anaweza kutia yai moja na kuongeza tofu, na sahani isipungukiwe protini.

Kwa watu watatu, gramu 300 za tofu ngumu, mayai matatu, kitunguu kimoja, karoti moja, pilipili hoho moja na konzi mbili za lengalenga (mchicha) zinatosha, pamoja na vijiko viwili vya mafuta. Funga tofu katika kitambaa safi na uiwekee juu sufuria yenye maji kwa dakika 20 hivi, kisha uikate vipande vya ukubwa wa kidole gumba. Kata kila kitu kabla ya kuwasha, kwa sababu moto ukishashika hakuna nafasi ya kumenya kitunguu. Mbabula, yaani jiko la makala, iliyojaa makala yaliyoshika vizuri hutoa joto la kutosha kabisa. La muhimu ni kungoja makala yawe mekundu. Mafuta ya mawese ambayo hayajasafishwa hayafai sana hapa, kwani kwenye joto kali hutoa moshi na kupoteza ile rangi yake nyekundu ambamo mna asili ya vitamini A. Ni afadhali yabaki kwa maharage na sombe (majani ya muhogo).

Mafuta yakipata joto, tandaza tofu na, kwa tofu peke yake, acha kugeuza kwa dakika moja au mbili ili upande wa chini ukauke na kuachia chuma wenyewe. Hapa sikio husaidia kuliko saa. Mwanzoni tofu hupiga kelele nzito na kurusha matone, maana maji yanatoka. Kelele ikishapungua na kuwa sauti nyembamba, kingo huwa zimeanza kuwa za kahawia na unaweza kugeuza. Itoe, uiweke kando. Tia kitunguu na karoti, halafu pilipili hoho na vishina vya lengalenga, na majani yake mwisho kabisa. Sogeza mboga pembeni, mimina mayai yaliyopigwa katikati, na yakianza kushikana yavunje kwa mwiko, urudishe tofu na uchanganye vyote. Kwa watoto wadogo, wajawazito na wazee, mayai yaive hadi pasibaki umajimaji wowote. Chumvi kidogo na maji ya limau hutosha. Vidonge vya kukolezea mchuzi vina chumvi nyingi, na mchuzi wa soya pia, hivyo anayetumia kimojawapo asiongeze chumvi.

Shida moja ya kweli ni bugali, yaani ugali. Chakula hiki hutoka kikiwa kikavu, na tonge bila mchuzi halishuki vizuri. Wengine humwaga maji kikaangioni ili kupata mchuzi, na hapo tofu hulainika tena na kazi yote ya kuikausha hupotea. Ni vyema kupika nyanya na kitunguu katika sufuria nyingine na kumwekea kila mtu pembeni mwa sahani, au kula pamoja na wali au viazi. Tofu iliyobaki bila kupikwa ilazwe ndani ya maji safi kwenye friji, na maji yabadilishwe kila siku. Pasipo na friji, au umeme ukikatika muda mrefu, ipikwe siku ile ile, na ikianza kunuka uchachu au kuteleza mkononi itupwe.