Je, wajua kwa nini radi za Ziwa Victoria hupiga usiku?

Wengi wanaopanga kuzuru Ukerewe, Ukara na visiwa vidogo vilivyo kaskazini mwa Mwanza huamini kwamba salama ya safari ni kuvuka gizani. Hoja yao ni kwamba mvua ni ya jioni, na usiku ziwa hulala. Kwa nchi kavu wana haki. Misungwi, Kwimba na Magu mawingu hupanda baada ya saa nane mchana, na ngurumo husikika kabla ya magharibi. Lakini juu ya ziwa lenyewe saa zimepinduka: dhoruba nyingi huzaliwa usiku, hukomaa kuelekea alfajiri, na nyingine huwa bado zinanguruma saa mbili au saa tatu asubuhi.

Kosa hili hudumu kwa sababu watu wengi huitazama mvua wakiwa nchi kavu. Wakati dhoruba ya ziwani inapokuwa na nguvu, mjini watu wamelala; wanapoamka, wanakuta mawingu yanayosambaratika na maji yametulia, nao huamini yalikuwa hivyo usiku kucha. Panda Capri Point, kilima cha jijini Mwanza kinachotazama ziwa, saa tisa mchana siku ya masika ujionee kinyume chake: upande wa kusini mawingu yamejipanga kama milima, na upande wa kaskazini, juu ya maji, anga ni jeupe. Picha za setilaiti za mchana huonyesha jambo hilo kwa namna ya kushangaza. Mawingu hutapakaa Tanzania, Uganda na Kenya, na katikati yake hubaki tundu lenye umbo la ziwa.

Kuna kosa la pili lililojificha ndani ya lile la kwanza: kwamba jua la mchana huvuta mvuke, kwa hiyo mvua ya ziwani ingepaswa kunyesha mchana. Mvuke haukosekani wakati wowote, maana maji ni ya vuguvugu saa zote. Kinachokosekana mchana ni nguvu ya kuunyanyua.

Nguvu hiyo inaeleweka kwa kutazama nyumba ya bati yenye pipa la maji uani. Saa saba mchana bati haligusiki, ilhali maji ya pipa bado yana ubaridi. Saa kumi usiku bati limepoa hadi lina umande, na maji yana uvuguvugu ule ule wa jana jioni. Jua lilikuwa moja kwa vyote viwili, ila maji hupokea joto polepole na kuliachia polepole. Nchi kavu ni bati, ziwa ni pipa. Uso wa Ziwa Victoria hukaa kwenye nyuzi 24 hadi 26 hivi, usiku na mchana, wakati ardhi ya pembeni hushuka chini ya nyuzi 20 kabla ya mapambazuko.

Mchana, basi, hewa ya nchi kavu hupanda na ile ya ziwani huja kuziba nafasi. Upepo hutoka ziwani kwenda kila ufuko, hewa ya juu hushuka katikati ya ziwa, na mawingu huyeyuka. Usiku bati likishapoa mwendo hugeuka. Upepo hutoka kila ufuko kuelekea katikati, na ziwa hili lina upana wa kutosha, kilomita za mraba zipatazo 68,800, kwa pepo hizo kukutana uso kwa uso. Zikikutana hazina pa kwenda ila juu. Hewa hiyo imebeba mvuke wa maji ya vuguvugu. Ikipanda hupoa, mvuke hugeuka matone na kuachia joto, na joto hilo huisukuma juu zaidi. Hapo ndipo radi huanza.

Pepo za usiku hazilingani nguvu. Upande wa mashariki una nyanda za juu zinazopita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko mita 1,134. Hewa baridi huteremka kutoka huko, na upepo wa juu unaovuma kwenda magharibi huzisukuma dhoruba upande huo. Ndiyo maana Bukoba hupata mvua ya takribani milimita 2,000 kwa mwaka, na Mwanza karibu nusu yake.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliongeza kitu chenye faida kwa msafiri: radi nyingi za mchana nchi kavu huashiria usiku mbaya ziwani. Ukiona jioni ya ngurumo kali, ahirisha safari ya usiku. Kanuni hii ni ya ziwa la wazi. Ndani ya Ghuba ya Mwanza, ambako nchi kavu iko karibu pande zote mbili, zamu hizi hazijitokezi wazi, na wakati wa masika au vuli dhoruba inaweza kuja saa yoyote.

Mchana nao una hatari yake. Upepo wa ziwani hushika kasi kuanzia saa nane na kuleta mawimbi mafupi yaliyobanana, kwa kuwa haupati masafa ya kuyarefusha kama baharini. Mtumbwi hushuka wimbi moja na pua yake tayari imezama kwenye la pili. Kwa chombo kidogo nafasi nzuri ni ile ya kati, saa tatu hadi saa sita mchana, upepo wa nchi kavu ukiwa umekufa na wa ziwani haujashika.

Dhoruba ikikukuta majini, kinachopindua mtumbwi kwa kawaida ni upepo unaotangulia mvua. Hewa iliyopozwa na mvua huporomoka na kusambaa mbele ya wingu. Dalili zake ni upepo kugeuka ghafla, ubaridi, na mstari mweusi unaokimbia juu ya maji. Hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo, ugawe kwa tatu upate kilomita. Zikiwa chini ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10 na upepo wake unaweza kufika kabla hujamaliza kujiandaa. Shusha tanga, abiria wakae chini sakafuni na si juu ya mbao, jaketi okozi zifungwe kabla mawimbi hayajaanza. Elekeza pua kwenye mawimbi kwa mshazari, injini iende polepole, na usikubali ubavu ugeukie wimbi hata kama mwalo unaonekana upande huo.