Ubingwa wa Ohio State wa msimu wa 2024: yanayosemwa na yaliyotokea

Usiku wa tarehe 20 Januari 2025, mjini Atlanta, timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Ohio State iliifunga Notre Dame pointi 34 kwa 23 na kutwaa ubingwa wa taifa wa vyuo vikuu vya Marekani. Ilimaliza msimu ikiwa imeshinda mechi 14 na kupoteza mbili, na mbili hizo zimezungumzwa kuliko nyingi kati ya zile 14. Wengi wanaoufuatilia mchezo huu kwa mbali wamezoea ligi za soka, ambamo kila timu hukutana na kila timu nyumbani na ugenini, na jedwali la pointi ndilo linaloamua. Akiutazama msimu huu kwa mazoea hayo, mtu huona ubingwa wa kubahatisha, au ubingwa wa kununuliwa, na yote mawili yanahitaji kuchunguzwa.

“Timu iliyofungwa nyumbani na mtani wake wa jadi haistahili ubingwa”

Tarehe 30 Novemba 2024, kwenye uwanja wake wa Columbus unaoingiza watu zaidi ya 100,000, Ohio State ilifungwa 13–10 na Michigan, timu ambayo ilikuwa imekwisha kupoteza mechi tano msimu huo na ambayo wachache sana waliitarajia kushinda. Kilikuwa kipigo cha nne mfululizo kutoka kwa Michigan, na kwa watu wa Ohio hakuna mechi inayouma kuliko hiyo. Wachezaji walipigana baada ya filimbi ya mwisho, pale Michigan walipotaka kusimika bendera yao katikati ya uwanja, na polisi wakatumia dawa ya pilipili kuwatenganisha. Mashabiki wengi walitaka kocha Ryan Day afukuzwe.

Dhana inayotokana na siku ile ni kwamba timu iliyoaibika hivyo iliingia kwenye mtoano kwa mlango wa nyuma. Ukweli ni kwamba futiboli ya vyuo haina jedwali la pointi la nchi nzima, wala haiwezi kuwa nalo, kwa kuwa vyuo vya daraja la juu ni zaidi ya 130 na kila kimoja hucheza mechi 12 tu kabla ya fainali za ligi mbalimbali ambamo vyuo vingi vimegawanyika. Kamati ya watu 13 ndiyo inayozipanga timu kwa ubora, ikiangalia nani alimfunga nani, wapi, na ratiba ilikuwa ngumu kiasi gani. Kabla ya mwaka 1998 hapakuwa na uhakika kwamba timu mbili bora zingekutana, na ndiyo sababu Michigan na Nebraska waligawana ubingwa wa msimu wa 1997 bila kuchuana uwanjani. Baadaye ulikuja utaratibu wa kuzikutanisha timu mbili, kisha nne kuanzia msimu wa 2014, na msimu wa 2024 ukawa wa kwanza kuwa na timu 12. Kwa utaratibu wa timu nne, kipigo cha Michigan kingeiondoa Ohio State, ambayo kamati iliiweka nafasi ya sita. Kwa utaratibu wa timu 12, uliokuwa umejulikana na kila mtu kabla mpira wa kwanza haujapigwa, nafasi yake ilikuwa halali. Tena Notre Dame, iliyocheza nayo fainali, ilikuwa imefungwa nyumbani 16–14 na Northern Illinois mwezi Septemba, na sijasikia anayesema kwamba nayo haikustahili kufika Atlanta.

Kipigo kingine, cha 32–31 ugenini Oregon tarehe 12 Oktoba, hutajwa kwa nadra, ingawa kina kisa chake. Zikiwa zimebaki sekunde 10, Ohio State ikishambulia, Oregon waliingiza wachezaji 12 badala ya 11. Waliadhibiwa kwa mpira kusogezwa yadi tano, lakini sekunde nne zilikuwa zimeteketea na hazikurudishwa. Wiki iliyofuata wasimamizi wa kanuni walitoa ufafanuzi mpya ili ujanja huo usirudiwe.

“Kipigo cha Michigan kilionyesha timu isiyo na moyo”

Hapa ndipo ninapotofautiana zaidi na maelezo ya vijiweni. Katika futiboli ya Kimarekani timu inayoshambulia hupewa majaribio manne ya kuusogeza mpira yadi 10, na huchagua kukimbia nao au kuurusha. Siku ile Ohio State iling’ang’ania kukimbia katikati, mahali waliposimama Mason Graham na Kenneth Grant, walinzi wawili wa Michigan ambao miezi mitano baadaye walichaguliwa wote katika raundi ya kwanza ya usajili wa ligi ya kulipwa ya NFL. Timu nzima ilipata yadi 77 za kukimbia kwa majaribio 26, ambayo ni wastani wa takriban yadi tatu kila mara. Zaidi ya hapo, ukuta wa mbele unaowafungulia njia ulikuwa umebomoka: Josh Simmons aliumia goti katika mechi ya Oregon, na Seth McLaughlin, anayeanzisha mpira, alichanika kano ya kisigino mazoezini mwezi Novemba. Kusisitiza mbinu ya nguvu kwa ukuta uliotiwa viraka ni kosa la mpango, na makocha wenyewe walilionyesha hilo kwa vitendo: siku 21 baadaye, dhidi ya Tennessee, walianza kwa kurusha mipira mirefu na kushinda 42–17. Kisha tarehe 1 Januari waliwaongoza Oregon 34–0 kabla ya mapumziko, wakamaliza 41–21. Moyo haupatikani kwa wiki tatu. Mbinu inaweza kubadilishwa.

“Ubingwa ulinunuliwa kwa dola milioni 20”

Kiasi hicho hakikuzushwa. Mkurugenzi wa michezo wa chuo, Ross Bjork, ndiye aliyesema kwamba wachezaji wa timu hiyo walilipwa takriban dola milioni 20. Ni kweli pia kwamba watatu kati ya walioamua msimu walitoka vyuo vingine: Will Howard, anayepokea mpira na kuurusha katika nafasi ya kwotabeki, alitoka Kansas State, mkimbiaji Quinshon Judkins alitoka Ole Miss, na mlinzi wa nyuma Caleb Downs alitoka Alabama. Wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kuhama na kucheza bila kusubiri, na tangu tarehe 1 Julai 2021 wanaruhusiwa kufaidika kifedha kwa jina na sura zao. Kwa hiyo anayedhani hawa ni wanafunzi wanaojifurahisha baada ya vipindi, wakilipwa ada na chakula tu, amechelewa miaka kadhaa.

Kosa liko katika kudhani kwamba fedha hizo zilikwenda kununua wageni pekee. Uti wa mgongo wa timu ile ulikuwa wachezaji waliojiunga na Ohio State moja kwa moja kutoka sekondari mwaka 2021, wakiwemo Jack Sawyer, JT Tuimoloau, Emeka Egbuka na TreVeyon Henderson. Hao wangeweza kwenda NFL mapema mwaka 2024, lakini walirudi kwa mwaka wa nne, na sehemu ya sababu ni kwamba sasa kubaki chuoni hakumaanishi kubaki bila kipato. Kwa maneno mengine, fedha zilisaidia kuwazuia wenyeji wasiondoke, jambo ambalo wapigaji hesabu za usajili hulisahau kwa urahisi. Isitoshe, wakati huo chuo hakikuruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Malipo yalitoka kwa wafadhili na makampuni. Ruhusa ya vyuo vyenyewe kulipa ilianza tarehe 1 Julai 2025, baada ya mahakama kuidhinisha makubaliano, kwa kikomo cha takriban dola milioni 20.5 kwa michezo yote ya chuo kwa mwaka wa kwanza.

“Bila Jeremiah Smith wasingefika popote”

Smith, mpokeaji wa mwaka wa kwanza, alikuwa wa ajabu: yadi 187 na alama mbili za kugusa, yaani kuufikisha mpira mwisho wa uwanja, dhidi ya Oregon si jambo la kawaida kwa kijana wa umri wake. Lakini katika nusu fainali ya tarehe 10 Januari, mjini Arlington, timu ya Chuo Kikuu cha Texas ilimwekea walinzi wawili karibu kila mara na akapokea mpira mmoja tu, wa yadi tatu. Mechi hiyo iliamuliwa na ulinzi. Ohio State ikiongoza 21–14 na dakika chache zikiwa zimebaki, Texas walifika yadi moja kutoka mstari wa kufungia. Jaribio lao la kuzunguka pembeni liliwarudisha nyuma yadi saba, na katika jaribio la nne Sawyer alimfikia Quinn Ewers, akaupangua mpira mkononi mwake, akauokota na kukimbia nao yadi 83 hadi mwisho wa uwanja. Ewers na Sawyer waliwahi kukaa chumba kimoja, Ewers alipokuwa mwanafunzi wa Ohio State mwaka 2021. Matokeo yalikuwa 28–14.

“Bingwa wa taifa lazima awe bingwa wa ligi yake”

Hapana. Ligi ya Big Ten, ambamo Ohio State inacheza pamoja na vyuo vingine 17, ilichukuliwa na Oregon, walioifunga Penn State 45–37 katika fainali ambayo Ohio State haikuwamo. Notre Dame, kwa upande wao, hawana ligi kabisa katika futiboli.

“Ilikuwa timu ya nane kwa ubora, na waliopumzika raundi ya kwanza walipendelewa”

Namba nane iliyoandikwa kwenye ratiba haikuwa cheo cha ubora. Kanuni za msimu ule ziliwapa nafasi nne za juu, pamoja na mapumziko ya raundi ya kwanza, mabingwa wa ligi waliopangwa juu zaidi, hata kama kulikuwa na timu bora kuliko wao. Boise State, waliokuwa wa tisa kwa kamati, walipewa nafasi ya tatu, na Arizona State, wa 12, walipewa ya nne. Timu zilizokuwa juu yao kwa ubora zikasukumwa chini, Ohio State ikatoka ya sita hadi ya nane. Aliyeumia zaidi kwa mpangilio huo alikuwa Oregon: baada ya kushinda mechi zake zote 13, zawadi yake ilikuwa kukutana na Ohio State katika mechi yake ya kwanza ya mtoano.

Na hayo mapumziko hayakumfaa yeyote. Oregon, Georgia, Boise State na Arizona State, wote wanne walioruka raundi ya kwanza, walifungwa katika robo fainali. Kwa msimu wa 2025 kanuni ilibadilishwa: mabingwa watano wa ligi waliendelea kuhakikishiwa kuingia katika timu 12, lakini mapumziko yalipewa nne za kwanza katika orodha ya kamati, ziwe na kombe la ligi au zisiwe nalo.