Blanche Lazzell na chapa za mbao: dhana potofu na ukweli

Anayeandika juu ya chapa za mbao zenye mistari myeupe, yaani picha zinazochapwa kwenye karatasi kwa ubao uliochongwa, zilizoanzia Provincetown katika jimbo la Massachusetts, hawezi kumruka msanii Blanche Lazzell, aliyezaliwa mwaka 1878 karibu na Maidsville, West Virginia. Hata hivyo, mengi anayosifiwa kwayo siyo aliyoyafanya, na aliyoyafanya hasa hayatajwi sana.

Wengi hudhani kwamba ndiye aliyebuni mbinu hiyo. Ukweli ni kwamba ubunifu huo huhesabiwa kuwa wa msanii B.J.O. Nordfeldt, mzaliwa wa Sweden, aliyeshughulika nao huko Provincetown mwaka 1915. Lazzell alifundishwa mwaka uliofuata na mchoraji Oliver Chaffee, akadumu nao takriban miaka 40, hadi alipofariki mwaka 1956. Kwa maoni yangu, kudumu huko ni sifa kubwa kuliko hiyo anayobandikwa.

Dhana inayomdhulumu zaidi ni kwamba chapa ni nakala tu, na kwamba ubao ukishachongwa kazi ya sanaa imekwisha na iliyobaki ni ya mashine. Lazzell alichora picha nzima juu ya ubao mmoja, kisha akachonga mifuo myembamba kuzunguka kila umbo. Karatasi ilibanwa ukingoni mwa ubao ili isihame. Alipaka rangi ya maji kwenye umbo moja au mawili, akailaza karatasi juu yake, akaisugua kwa mkono upande wa nyuma, akaifunua, kisha akaendelea na umbo jingine hadi picha ikamilike. Kwa kuwa mifuo haikupakwa rangi, karatasi ilibaki nyeupe mahali hapo, na ndiyo mistari ambayo wengine hudhani imechorwa kwa rangi nyeupe. Paa lililokuwa la buluu katika chapa moja liliweza kuwa la zambarau katika nyingine, maana kila mara rangi zilipakwa upya kwa brashi. Ubao mmoja ulitoa chapa chache tu, na kila moja ni picha inayojitegemea.

Wapo pia wanaoziita kazi hizi uigaji wa Wajapani. Athari ya Japani ipo, lakini kwa desturi chapa za rangi za Kijapani zilihitaji ubao wake kwa kila rangi, na kuacha hitaji hilo ndiko kulikoitofautisha njia ya Provincetown.

Mwisho, huelezwa kuwa mama mpole wa mashambani aliyejifurahisha kwa kuchora nyumba na maua. Nyumba na maua alivichora kweli, na vizuri mno. Lakini alikwisha kusoma Paris kuanzia mwaka 1912, akarudi huko mwaka 1923 kujifunza kwa wachoraji Fernand Léger, André Lhote na Albert Gleizes, na katika miaka hiyo ya 1920 akatengeneza chapa zisizoonyesha kitu chochote kinachotambulika, wakati ambapo Wamarekani waliothubutu hivyo walikuwa wachache. Mwaka 1934, mdororo wa uchumi ukiwa umewabana wasanii, mpango wa serikali ya shirikisho ulimwajiri kutengeneza chapa pamoja na picha ya ukutani kwa ajili ya mahakama ya Morgantown. Miaka michache baadaye, akikaribia umri wa miaka 60, alijiandikisha tena kuwa mwanafunzi, safari hii kwa mchoraji Hans Hofmann.